Kitabu Kilichofichwa Kwenye Rafu ya Kahawa

Nimestaafu, lakini simu yangu haijapata habari hiyo. Niko shambani huku Muleba, nakata majani makavu ya migomba, inalia. "Mama Koku, shikamoo. Kile kitabu kinene cha miundo ya data, chenye jalada la kijani, kiko rafu gani?" Naitikia marahaba, namwambia siku hizi yupo mkutubi mwingine, kijana mwenzake mwenye miguu mipya. Anacheka, lakini hakati simu. Basi nasimama hapohapo na panga mkononi, namwelekeza: ukiingia usiende kulia kwenye sayansi, nenda kushoto, rafu ya kwanza kabisa, karibu na dirisha linaloangalia ziwa. Simu ikikatika najikuta nimechoka kana kwamba nimetembea mpaka Bukoba na kurudi.

Ndiyo maana nimeamua kuyaandika haya. Nilifanya kazi katika maktaba ya chuo kimoja pale Bukoba tangu nikiwa msichana, mpaka magoti yakaanza kulalamika kila nikipanda ngazi ya rafu za juu. Nimewahudumia watu wa ualimu, wa uhasibu, wa kilimo. Ninyi wa kompyuta ndio mlionichosha kuliko wote, na ninyi ndio ninaowaandikia. Msome, halafu mniache nilime.

Tatizo lenu la kwanza ni kwamba mnakitafuta kitabu pale mnapodhani kinapaswa kukaa. Mnasema kompyuta ni sayansi, mnakwenda kwenye rafu za namba mia tano, penye fizikia na kemia. Hakuna kitu. Mnakwenda mia sita, penye uhandisi, mnakuta viwili vitatu vya saketi, mnanijia na nyuso za msibani. Aliyebuni namba za maktaba aliishi kabla kompyuta haijazaliwa. Aliacha nafasi mwanzoni kabisa, penye ensaiklopidia na mambo yasiyo na kwao, na kompyuta ilipokuja ikasukumiwa hapo. Sifuri sifuri nne ni mashine zenyewe na mitandao, sifuri sifuri tano ni programu na data, sifuri sifuri sita ni yale mengine mnayoyapenda, picha na akili bandia. Nimeyasema haya maisha yangu yote. Nimeyabandika ukutani kwa herufi kubwa. Mtu anasimama chini ya bango lenyewe ananiuliza.

Na msiniulize kwa rangi. "Kile chekundu, Mama." Vyekundu viko vingi. Niambie jina la aliyekiandika, au niambie mwalimu wako alikuwa anafundisha nini alipokitaja. Ukishakishika, usianze na sura ya kwanza kama unasoma hadithi. Fungua nyuma, penye faharasa, utafute lile neno linalokusumbua. Tazama pia kimechapwa lini. Tuliwahi kupokea maboksi ya msaada kutoka ng'ambo, tukayapokea kwa hotuba na soda, na ndani yake vilikuwa vitabu vya kueleza mashine ambazo hata huko kwao zilishatupwa. Mkuu wa chuo alitaka vipangwe mbele wageni wavione. Wanafunzi wakavisoma, masikini, mmoja akaenda kwenye mafunzo ya vitendo akauliza mahali pa kuchomeka diski laini za kizamani.

Kazi yangu nilifundishwa na Ta Kaijage. Ta ndivyo tunavyowaita wazee wetu huku. Yeye alikuwa mkutubi nilipoajiriwa, mtu mrefu, mkali, anayenukia kahawa. Kila asubuhi kabla ya milango kufunguliwa alipita rafu zote kidole kikigusa mgongo wa kila kitabu, midomo ikitaja namba kimyakimya. Hiyo ndiyo inaitwa kusoma rafu. "Macho yanapenda kudanganywa," alikuwa akiniambia, "wewe tumia kidole." Kompyuta ya kwanza ya katalogi ilipoletwa aliifunika kitambaa cha kufuma, kama watu walivyokuwa wanafunika redio sebuleni, na alinawa mikono kabla ya kuiwasha. Tulimcheka. Lakini kompyuta ile ilikwambia tu kwamba kitabu kipo. Kama kiko mahali pake au hakiko, hilo lilijulikana kwa kidole.

Sasa niwaeleze ugonjwa wenyewe. Katika chuo chetu, kama vyuo vingine vingi, kitabu kizuri kilikuwa kimoja na wanaokitaka ni darasa zima. Kitabu cha namna hiyo hakiazimwi. Unakisoma humohumo ndani, ukimaliza unakiacha mezani. Basi mwanafunzi mwerevu anafanya nini? Jioni anakichukua, anatembea nacho polepole kama mtu anayetafuta kingine, anakwenda kwenye rafu isiyo na wasomaji, anakisukuma nyuma ya vitabu vya pale, mgongo ukiangalia ukuta. Kesho yake anarudi, anakitoa, anasoma, anakirudisha mafichoni. Wenzake wanaambiwa na kompyuta kwamba kipo. Wanatafuta mpaka wanakata tamaa.

Msiniambie siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Najua. Najua pia bando linavyoisha katikati ya sura, na nakala za bure zinavyoruka kurasa, na simu yenye kioo kilichopasuka isivyoweza kuonyesha mchoro wa ukurasa mzima. Na mwalimu wa miundo ya data wa chuo chetu alikuwa na tabia moja iliyojulikana na kila mtu: mitihani yake aliitoa kwenye maswali yaliyo mwisho wa sura za kile kitabu cha kijani. Toleo lilelile, maswali yaleyale, namba tu amebadilisha.

Kuna mwaka mmoja, karibu na kustaafu kwangu, nilianza kumwona msichana wa kompyuta kwenye rafu ya kahawa. Chuo chetu kilianza zamani kikifundisha kilimo, kwa hiyo tulikuwa na vitabu vya kahawa na migomba ambavyo hakuna aliyevigusa. Msichana huyo aliitwa Kemilembe. Alitoka kisiwani Bumbire, baba yake mvuvi, na nyumba nzima kule ilikuwa inamtazama yeye. Alikuwa mtu wa kuvaa vizuri na kuongea kidogo. Siku ya kwanza alisimama pale kwenye kahawa, akachuchumaa, akaingiza mkono nyuma ya vitabu, akapapasa. Kesho yake tena. Siku iliyofuata nikamkuta amepiga magoti sakafuni na simu yake imewashwa tochi.

Nilielewa papo hapo, na nilihisi uchovu badala ya hasira. Wakati wa likizo fupi ya kabla ya mitihani mvua ilikuwa imetoboa paa upande ule, maji yakachuruzika ukutani. Tulihamisha kila kitu haraka, na vitabu vya zamani vya kahawa, kwa kuwa mkuu wa chuo alikuwa ameshaamua viondoke, vilifungwa kwenye maboksi na kupelekwa kwa kikundi cha wakulima kule Ijumbi, walioviomba siku nyingi. Waliofunga maboksi walibeba makumbatio mazima mazima, bila kutazama kilichojificha nyuma. Rafu ile aliyokuwa akiipapasa ilikuwa na vitabu vya kahawa vichache vilivyobaki, na nyuma yake hakukuwa na kitu.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Naangalia tu."

"Unasoma kahawa siku hizi?"

Akazima tochi ya simu. Halafu machozi yakaanza kumtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono na kuniambia yote. Alikuwa amefeli miundo ya data. Kitabu cha kijani alichokuwa akikificha pale kilimpotea muhula ukiwa mwishoni, akaingia kwenye mtihani na nusu ya sura. Sasa alikuwa na mtihani wa marudio, huo mnaouita sapu, na ulikuwa umekaribia sana. Akifeli tena, anarudia mwaka.

"Nikirudia mwaka, baba hana tena cha kuuza," alisema. "Ameshauza injini ya mtumbwi."

Hiyo injini ilinimaliza. Nilimwambia avae viatu vya kutembelea, kesho twende Ijumbi.

Mwenyekiti wa kile kikundi alikuwa Ta Rwegasira, mzee ninayemfahamu kwa upande wa mama yangu. Tulishuka basi Muleba, tukachukua bodaboda mpaka kwake. Alitupokea kwenye kibanja chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kwa shangwe, akamwita mkewe, mkewe akaleta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Ninyi mliozaliwa kwetu mnajua, na wengine niwaambie: kwa Mhaya huwezi kutaja shida yako kabla hujatafuna kahawa za mwenyeji. Kemilembe alikuwa anazitafuna kwa haraka mno, macho yakizunguka ukutani. Nikamkanyaga mguu.

Tulisalimia watoto, wajukuu na ng'ombe. Mzee akatusimulia ugonjwa wa migomba, bei, na jirani anayehamisha mipaka. Hatimaye nikasema tumekuja kuangalia vile vitabu.

"Waitu, vitabu!" alisema kwa ile heshima ya Kihaya. "Mlitusaidia sana. Vile vidogo tumewagawia watu wasome. Lakini kile kikubwa nimekiweka mwenyewe ndani. Kile si cha kumpa mtu hovyo."

Aliingia chumbani akatoka na kitu kimefungwa kwenye kanga safi. Akakifungua taratibu. Kilikuwa kitabu cha kijani cha miundo ya data, kimevalishwa jalada la karatasi ya mfuko wa saruji, kimekatwa kingo vizuri kabisa.

"Hiki ndicho chenye siri zenyewe," alisema mzee. "Ukubwa wake tu unajieleza. Nilimpa mjukuu wangu wa sekondari anitafsirie. Akasema, babu, humu hamna kahawa. Nikamwambia wewe ni mvivu, umesoma kurasa ngapi? Kahawa iko mbele huko!"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kemilembe hakucheka. Alikuwa amekitazama kile kitabu kama mtu anayemwona ndugu yake hospitali.

Nilimweleza mzee ukweli, kwamba mjukuu alikuwa sahihi. Alionekana kuumia, maana alikuwa amekitunza kweli. Kisha akamkabidhi Kemilembe kitabu kwa mikono miwili. "Basi kasome wewe, mwana. Sisi kilitushinda." Mkewe akatufungia ndizi na parachichi, kwani mgeni hatoki mikono mitupu, tukaondoka.

Tulipokuwa tunasubiri basi la kurudi Bukoba, nilidhani msichana atakuwa na furaha. Alikuwa amekipakata kitabu, uso ameuinamisha.

"Mama," aliniambia, "Projestus naye ana sapu ya somo hilihili."

Projestus nilimjua. Kijana wa Kashozi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Muhula mzima alikuwa akija mezani kwangu kuuliza kitabu cha kijani. Kompyuta inasema kipo, tunakwenda naye mpaka rafu ya kwanza, napitisha kidole, hakipo. Alikuwa anasema asante kila mara, kisha anakaa na kusoma alichokikuta. Baada ya matokeo alirudi kwao, nikasikia amewaambia wenzake hatarudi hata kwenye sapu.

"Alikuwa anatafuta na mimi nipo hapohapo mezani," Kemilembe alisema. "Nilikuwa namwona."

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Sijui. Nikienda Kashozi nitapoteza muda. Na mimi bado sijui sura za mwisho."

 Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba mtu akisema hivyo hataki jibu lako. Na kwa upande wa sheria, kitabu kilikuwa bado hakijarudi maktaba, hivyo kilikuwa cha barabarani tu. Tulipofika Bukoba nilishuka nikaelekea nyumbani, na yeye akavuka barabara kwenda kutafuta gari la Kashozi, na mkungu wa ndizi wa Ta Rwegasira begani.

Yaliyotokea huko alinisimulia Projestus mwenyewe baadaye. Alikuwa anageuza kahawa kwenye mikeka uani kwao alipomwona anaingia. Mama yake akampokea ndizi, akamkaribisha. Kemilembe hakukaa. Alisimama mbele ya mikeka akasema, "Projestus, kitabu nilikificha mimi. Muhula mzima."

Projestus aliendelea kugeuza kahawa. Aligeuza mkeka wa kwanza, akageuza wa pili. Aliniambia kwamba siku hiyo alitamani kumfukuza, na kama mama yake asingekuwa pale mlangoni angemfukuza. Lakini mama aliuliza kwa Kihaya mgeni amesema nini, na yeye akaona aibu kumtafsiria. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Kaa," alimwambia. "Tuanze mwanzo."

Walisoma uani pale mpaka siku za mtihani, Kemilembe akilala kwa shangazi wa Projestus, kahawa ikikauka kando yao. Projestus alikuwa mtu wa maswali. Kila ukurasa aliuliza kwa nini. Kwa nini tunapanga hivi tusipange vile? Kwa nini hapa tunaanzia katikati? Kemilembe alikuwa amekariri kurasa nyingi za kitabu kile, na kwa mara ya kwanza alikutana na mtu anayemwuliza sababu yake. Mara nyingi hakuwa nayo. Ilibidi warudi nyuma, na kila walivyorudi nyuma sura za mwisho zilizidi kubaki mbali.

Matokeo yalibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya taaluma. Sikwenda kuyatazama, miguu ilikuwa inauma na nilikuwa naogopa. Projestus alikuja mbio maktaba, pumzi juu, akaniambia amefaulu. Nikampa mkono. Nikamwuliza na mwenzako? Akavua miwani, akaanza kuifuta.

Kemilembe alikuja jioni watu wakiwa wameondoka. Alikuwa na kitabu mkononi, bado kina jalada la mfuko wa saruji. Alikipeleka mwenyewe kwenye rafu ya kwanza, akakipanga penye namba yake, mgongo ukiangalia nje. Kisha akaja akaketi mbele ya meza yangu.

"Nimekosa kidogo tu, Mama."

"Pole, mwanangu. Pole sana."

"Muhula mzima nilikuwa nacho peke yangu. Sikuwa na mtu wa kunibishia."

Nilitamani kumwambia neno la maana. Watu wanadhani mtu aliyezeeka katikati ya vitabu ana maneno kwenye kila mfuko.  Nilimchemshia chai kwenye birika langu la umeme, ambalo lilikuwa limepigwa marufuku na utawala, tukanywa. Alikuwa anafikiria namna ya kumpigia baba yake. Alipompigia, alitoka nje, na nilimwona kupitia dirishani amesimama ameinamisha kichwa muda mrefu, akisikiliza.

Sijui baba aliuza nini tena au alikopa wapi. Sikuuliza. Chuo kilipofunguliwa alirudi, akaingia darasani na watoto wa mwaka wa nyuma yake ambao hawakumjua. Projestus alikuwa ameshapanda mwaka, na yeye alipita koridoni na vipindi vyake.

Mimi nilikuwa katika majuma yangu ya mwisho ya kazi. Nilikuwa nakabidhi funguo, nahesabu viti vibovu, naelekeza kijana aliyenirithi asiogope kompyuta inaponyamaza. Asubuhi moja Kemilembe aliingia, akasalimia, akaenda moja kwa moja kushoto, rafu ya kwanza. Akarudi mikono mitupu.

"Mama, kipo?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Kwenye meza ya dirishani alikuwa ameketi msichana mdogo wa mwaka wa kwanza, mgeni wa mji bado, begi lake amelibana katikati ya miguu. Kitabu cha kijani kilikuwa mbele yake, amekizungushia mkono wa kushoto, na wa kulia ulikuwa unanakili upesi upesi. Alikuwa amewahi kabla ya milango kufunguliwa.

Ningeweza kumwambia yule mdogo ampishe. Kemilembe alikuwa na haraka kuliko yeye, na wote watatu tulikuwa tunakitazama kitabu kilekile. Lakini Kemilembe alishaanza kutembea kwenda pale mezani. Yule msichana aliinua macho, akamwona mkubwa wake anakuja, akakivuta kitabu kifuani kwa mikono yote miwili.

"Soma tu, mdogo wangu," Kemilembe alimwambia. "Ukikwama mahali, niulize."

Yule msichana hakumwamini. Aliendelea kukikumbatia. Kemilembe akavuta kiti cha upande wa pili wa meza, akaketi, akaweka mikono mapajani, akaanza kungoja.